Madumu Matatu ya Shangazi

Hapa Simbo, Kigoma, nauza mawese, na mawese huondoka dukani kwa maneno matamu: "Jumamosi nakulipa." Jumamosi zikawa nyingi. Nikaamua kuyaweka madeni kwenye Elasticsearch, programu ambayo kampuni kubwa huitumia kupekua kumbukumbu kwa mamilioni. Mimi nilikuwa na wadaiwa 52. Ni kama kukodi meli kuvusha kuku. Lakini raha yake! Ukikosea ukaandika "Mama Nema", inakuletea Mama Neema na madumu yake mawili. Isitoshe, inasemekana mwanzilishi wake, Shay Banon, aliingia kwenye shughuli hizi akimtafutia mkewe njia ya kupekua mapishi, kwa hiyo mawese hayakuwa mageni sana humo.

Usiku mmoja nikagundua natumia toleo la 6 na wenzangu wako la 8. Nikajiona kama mtu aliyerudia shati la Idi ya mwaka juzi. Nikapakua la 8, nikaliwasha. Likagoma: kutoka 6 hupandi moja kwa moja, pitia kwanza 7.17. Na ukiwa hapo kwenye 7, faharasa zilizozaliwa enzi za 6 uzijenge upya, maana 8 haizisomi hata uivalishe miwani.

Hayo nimeyajua baadaye. Usiku ule nilichoona ni kwamba inalalamikia folda ya data, nami nikaifuta folda. Ikawaka papo hapo! Ikanidai nywila, nikaipa. Ndani, mdaiwa hata mmoja hakuna.

Nakala ya akiba nilikuwa nayo, jamani. Niliihifadhi kwenye folda ileile.

Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen katika ziwa letu la Tanganyika mwaka 1916, walizipaka kwanza injini zake grisi nene. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Watu wanakimbia vita wanakumbuka grisi. Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, chai mkononi, nimesahau.

Asubuhi nikaenda kwa shangazi, ambaye hushinda dukani kwangu na kaunta buku lake kwa sababu haiamini mashine.

"Mwakeye, shangazi."

"Imekula vyote?" akauliza kabla sijakaa.

Kaunta buku lilikuwa limelowa mawese hadi kurasa zinapitisha mwanga, lakini kila jina lilisomeka. Yeye akawa anasoma, mimi naandika, kila mdaiwa akisindikizwa na habari za ukoo wake ambazo sikuziomba. Tukamaliza adhuhuri. Nikahesabu: 51.

Nikahesabu tena.

"Shangazi, na yale madumu yako matatu ya Ramadhani?"

Akafunga kaunta buku, akalitia kwapani.

"Si umesema hili ni toleo jipya?"