Punda wa Kayole na Orodha ya Miji

Korongo wa Dandora alitua juu ya paa la ukumbi wa Kaloleni, mfuko wa shingo ukining'inia, akawaita wanyama wa Eastlands. Wakaja Mbuzi wa Shauri Moyo, Paka wa Gikomba, Kunguru wa Muthurwa. Punda wa Kayole ndiye aliyechelewa, mitungi minne ya maji mgongoni.

"Orodha imetoka London," akasema Korongo. "Wamepima miji 173 na kuuliza wapi panakalika. Vienna iliongoza mwaka 2022 hadi 2024, Copenhagen ikaipokonya 2025. Damascus imeshika mkia miaka nenda miaka rudi. Nairobi yetu iko huko chini."

Mbuzi akaruka. "Matusi hayo! Mji gani mwingine una mbuga ambamo simba anatazama maghorofa?"

"Na mto unaonuka je?" akajibu Paka.

Kunguru akaanza kutaja miji iliyo chini yetu, na kila alipotaja mmoja, nusu ya mkutano ilishangilia. Ubishi huu naujua, kila siku nausikia kwenye matatu, na huniuma kila mara: tunapoa moyo kwa kumpata wa kumcheka, kisha tunarudi nyumbani kwenye mfereji ule ule mkavu.

Kuku mkongwe wa Kaloleni akanyanyua shingo. "Wajukuu wangu, mji huu ulikuwa na orodha yake kabla ya hiyo. Mkoloni alimpa mzungu Muthaiga, akatujengea sisi huku vyumba vya mwanamume mmoja mmoja, afanye kazi kisha arudi kwao. Hata Kaloleni hii, ya familia, ilingoja hadi miaka ya 1940."

Punda akauliza polepole, "Mzee Korongo, orodha hiyo ni ya kazi gani?"

"Kampuni huitazama zikimleta mgeni. Mji mgumu, mshahara unaongezwa. Waandaaji wa orodha walipendekeza hadi asilimia 20."

Punda akanyamaza kidogo. "Basi mgeni analipwa kwa kuvumilia mfereji usiotoka maji. Na mimi ninayeyabeba?"

"Uko upande wa London sasa?" Mbuzi akamkaripia.

"La, ndugu yangu. Wametupa alama moja mji mzima. Muthaiga na Dandora katika sufuria moja! Lile jaa la taka la Dandora lilifunguliwa 1975, likatangazwa limejaa 2001, na malori bado yanaingia. Alama yake iko wapi? Lakini nawe ukiitetea Nairobi kwa simba wa mbugani, jaa unalificha vilevile."

Korongo, ambaye hula pale, akainamisha kichwa. Mbuzi alifungua mdomo, akaufunga.

"Tuhesabu wenyewe," akasema Kuku. "Kila mlango useme ulivyo."

Kunguru akaokota kipande cha mkaa, akasimama mbele ya ukuta. Wakaanza kubishana upya, la kwanza liwe lipi: moshi wa jaa, mto, au giza la vichochoro. Wakati huo mtungi mmoja wa Punda, ule wa manjano uliokuwa wa mafuta ya kupikia, ulikuwa ukivuja pale kifuniko kilipozibwa kwa nailoni. Tone likaanguka vumbini, likafuatwa na jingine. Kifaranga kikatoka chini ya bawa la Kuku, kikakimbilia kale kaunyevu, kikadonoa kabla hakajakauka.

Wote wakakitazama.

"Andika maji," Punda akamwambia Kunguru.