Jinsi ya Kuishi kwa Heshima na Friza Isiyogandisha

Hongera kwa friza. Ni ya mtumba, imeingia na kontena, ina mkwaruzo mmoja tu upande ambao utaugeuzia ukutani, na muuzaji amekuapia kwa jina la mama yake kwamba ni mpya kasoro karatasi. Umeiwasha tangu juzi. Maji uliyoweka ndani bado ni maji. Tulia, ndugu yangu. Wageni hawaji na kipimajoto. Wanaangalia ukubwa, na kwa ukubwa umewaweza.

Fuata hatua hizi kwa utaratibu. Ukiruka hata moja unaweza kujikuta umeitengeneza kwa bahati mbaya, na hapo mimi sitakuwa na msaada kwako.

1. Ilaze chali safari nzima

Kama bado hujaitoa dukani, mwambie kijana wa guta ailaze aifunge kamba, isimsumbue kwenye mashimo. Ndani ya kompresa mna mafuta. Friza ikilala, mafuta hayo hutambaa na kuingia kwenye mirija ya gesi. Watu wenye subira huisimamisha wima na kuiacha saa kadhaa bila kuiwasha, wengine hadi kesho yake kama ilisafiri mbali, mafuta yarudi mahali pake.

Wewe subira huna, na majirani wamejaa barazani. Chomeka hapo hapo, guta likiwa bado mlangoni. Ule mngurumo wa kwanza ndio hasa ulioulipia.

2. Iweke panapoonekana

Jikoni hakuna mtu wa kuiona. Weka sebuleni, ibane kabisa kwenye ukuta, itandikie kitambaa cha kufuma kinachoning'inia hadi chini, kisha panga juu yake maua ya plastiki na picha ya harusi.

Friza nyingi za kulala hazina ule wavu mweusi unaouona nyuma ya friji. Mirija ya kutoa joto imefichwa ndani ya kuta zake za nje, ndiyo maana ikifanya kazi vizuri ubavu wake hupata moto. Joto hilo limetoka ndani na linatafuta pa kwenda. Ukiibana na kuivika shuka, linakosa njia, na kompresa inahangaika kutwa nzima bila kufika popote. Safi. Mgeni akigusa ubavu akashtuka, mwambie, "Hiyo inachapa kazi." Hujamdanganya.

Ubavu ukiwa wa baridi vilevile saa nzima tangu uwashe, huku kompresa inanguruma bila kupumzika, huenda gesi imetoroka au mrija umeziba. Hiyo ni habari muhimu, kwa hiyo usiushike.

Na nyuma kule kuna kibandiko. Kiache na vumbi lake. Ukikisoma utakuta herufi ndogo: SN au N maana yake mashine ilitengenezwa kwa ajili ya chumba kisichozidi nyuzi 32, ST inavumilia hadi 38, T, yaani ya nchi za joto, hadi 43. Sasa wewe umenunua yenye N, iliyozoea stoo ya chini ya ardhi huko Ulaya, ukaiweka chini ya bati Mbagala mwezi wa pili. Kuna mambo ambayo mtu akiyajua hapati usingizi.

3. Ilishe umeme wa kubahatisha

Tumia ekstensheni. Iwe ndefu, nyembamba, yenye mkanda mweusi mahali pawili, na ichangiwe na televisheni, redio na pasi. Waya mwembamba hula nguvu njiani, na kompresa ni mtu wa kutaka nguvu nyingi kwa mkupuo pale inapoanza.

Jioni, mtaa mzima ukiwasha taa na umeme ukishuka, sogea usikilize. Utasikia *mmmmm*, sekunde chache, halafu *tik*. Kimya. Baada ya muda, *mmmmm* tena, na *tik*. Hiyo *tik* ni kikinga chake kinakata umeme ili mota isiungue, maana inajaribu kuanza na haiwezi. Inaweza kuwa umeme mdogo, inaweza kuwa relei imekufa, na relei ni kidude cha ukubwa wa kiberiti ambacho fundi hukibadilisha akiwa anapiga soga. Kuitoa friza kwenye ekstensheni na kuichomeka ukutani peke yake kungekupa nusu ya jibu mara moja. Epuka. Watu wakiuliza, sema ni ya kisasa, inajizima yenyewe kubana matumizi.

Friji gadi nunua, maana inawaka taa nzuri, lakini usiitumie. Ile tabia yake ya kungoja dakika kadhaa baada ya umeme kurudi ndiyo inayoiokoa kompresa, ila mbele ya wageni inaonekana kama uzembe.

Angalizo kwa wenye haraka: kama kibandiko (ambacho tumekubaliana hutakisoma) kimeandikwa 115 V, 60 Hz, mashine imetoka Marekani. Ichomeke moja kwa moja kwenye 230 yetu. Matatizo yako yote na friza hiyo yatakwisha kabla ya chai.

4. Dharau vitu vidogo

Mtu mzima hahangaiki na vidude. Kuna kitufe cha themostati, mara nyingi chini pembeni, kinachozungushwa kwa sarafu. Wapakiaji hukigonga kikabaki kwenye 1 au kwenye kuzima kabisa. Usiiname, suruali itakunjamana. Kuna taa tatu: ya kijani kwamba umeme upo, ya njano kwamba umeiamuru igandishe haraka, na nyekundu kwamba ndani kuna joto. Nyekundu ibandike stika ya timu yako.

Kuna kizibo cha tundu la kutolea maji, chini kabisa, ambacho hupotea bandarini. Hewa ya moto inaingia hapo usiku na mchana. Kumbe hata mende wanahitaji mlango.

Halafu kuna raba ya mfuniko. Wajuaji huchukua noti, huibana kati ya mfuniko na friza, kisha huivuta. Ikikatalia, raba ni nzima. Ikiteleza kama imepakwa mafuta, raba imelegea. Huzunguka hivyo pande zote nne. Usijaribu, kwa sababu raba iliyokauka na kupinda mara nyingi hurudi sawa kwa kitambaa cha maji ya moto na kukandwa kidogo, na wewe umeshamwambia shemeji kwamba tatizo lako ni kubwa, linahitaji kompresa ya kuagizwa. Utaweka wapi uso?

5. Mwite fundi wa gesi

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye utamu.

Fundi unayemtaka hafiki na vifaa vingi. Ana mtungi mdogo, kipande cha mpira na begi lililokatika zipu. Ataweka sikio kwenye friza kama daktari, atatikisa kichwa, kisha atatamka maneno mawili ambayo ndiyo msingi wa biashara nzima ya friji nchini: "Gesi imeisha."

Pokea kauli hiyo kwa heshima. Usimuulize imeishaje. Gesi ya friza haichomwi wala hailiwi. Inazunguka ndani ya mirija iliyofungwa, inabanwa na kompresa, inatoa joto nje, inapanuka ndani na kunyonya joto, inarudi ilikotoka, miaka nenda miaka rudi ile ile. Kama imepungua, kuna tundu. Fundi wa kweli angetafuta tundu kwanza kwa povu la sabuni au kwa kujaza naitrojeni, angeziba, angebadilisha kile kichujio kidogo cha shaba, angevuta hewa na unyevu wote kwa pampu, ndipo apime gesi kwa mzani, gramu kwa gramu, kama kibandiko kinavyotaka. Huyo ni ghali mara moja. Wako ni rahisi kila mara.

Wako atajaza kwa kukadiria. Atashika mrija, atasema "Imeshika," utamlipa, na usiku huo kikombe cha maji kitaganda kweli. Piga picha, weka kwenye status. Baada ya wiki chache gesi itakuwa imetokea pale pale ilipotokea mwanzo na utampigia tena. Kufikia Ramadhani mtakuwa mnaitana ndugu, na watoto watamwamkia kwa jina. Hakuna udugu wa bei nafuu kama huo.

Neno moja la siri, usimwambie mtu nimesema mimi. Aina ya gesi nayo imeandikwa kule nyuma. R12 ni ya kizazi cha zamani, ile iliyokuwa ikitoboa tabaka la ozoni hadi mataifa yakatia saini Itifaki ya Montreal mwaka 1987. R134a ndiyo iliyorithi kiti chake. Ikiwa ni R600a, hiyo ni isobutani, damu moja na gesi ya jiko lako: inawaka. Fundi akija na moto wa kuchomelea, na sigara mdomoni, bila kufungua dirisha wala kusoma kibandiko, wewe kumbuka tu kwamba una shughuli muhimu nje ya geti.

6. Pambana na barafu kwa kisu

Huenda friza ikakuaibisha kwa kugandisha upande mmoja: barafu nene kama tofali kwenye kona, kwingine joto tupu. Barafu nene huzuia baridi kama blanketi, na dawa yake ni kuzima, kufungua mfuniko, kuweka beseni la maji ya moto ndani na kwenda kulala.

Hiyo ni kazi ya wavivu. Chukua kisu cha jikoni na nyundo. Nyuma ya ukuta ule mwembamba imepita mirija ya gesi. Ukisikia *sssss*, simama, futa jasho. Sasa fundi akisema gesi imeisha atakuwa anasema kweli, kwa mara ya kwanza.

7. Tunza sifa

Friza yenye jina lazima ionekane ina vitu. Ijaze madumu ya maji. Mtu akijaribu kuisogeza aone uzito. Bandika getini kibao cha "Barafu zipo", na anayekuja mwambie zimeisha sasa hivi, angewahi kidogo.

Siku ya ugeni mkubwa, mathalani mama mkwe ameshuka kutoka Tanga na ndoo ya nguru, nunua barafu ya kusaga alfajiri kule Feri wanakonunua wachuuzi wa samaki. Changanya na chumvi ya mawe, fungu moja la chumvi kwa matatu ya barafu. Chumvi huishusha barafu hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, chini hata ya zile 18 ambazo friza nzima hutakiwa kukaa. Kwa saa chache utakuwa na friza bora mtaani. Mama atafungua mfuniko, ukungu utamwagika nje, naye atasema mwanangu ameolewa pazuri. Aondoke kabla ya jioni.

Akikawia na nguru akaanza kunena, sema umeme ulikatika. Chunga tu asiwepo mjuaji, kwa sababu friza iliyojaa na iliyoganda, isipofunguliwa, hutunza baridi kama siku mbili nzima bila umeme. Akiwepo, mwongezee wali.

8. Iuze

Picha ipigwe asubuhi, kwa pembe, mkwaruzo usionekane. Sababu ya kuuza andika "nahama", haijawahi kukosea. Kabla mnunuzi hajafika, azima chupa za maji yaliyoganda kwa jirani mwenye friza nzima, zipange juu juu, funga. Akija, fungua mwenyewe, mpe moja aishike hadi vidole vimuume, huku ukimsimulia jinsi mkeo alivyolia kusikia inauzwa. Zipokee chupa haraka, jirani anazisubiri.

Mnunuzi wa kawaida atalipa. Lakini yupo mwingine, mpole, asiyepiga kelele za bei, atakayezitoa chupa zote, aweke bakuli la maji ya bomba, na kuomba friza iachwe ikiwaka usiku kucha, atarudi asubuhi na pesa taslimu. Huyo usibishane naye. Mwambie imeshapata mtu.