Mhadhara Mkuu Kuhusu Tumbo la Mtoto wa Jirani

Waheshimiwa wazazi, mashangazi, mama wadogo, mabibi mliokalia mkeka wakati viti vipo, na nyinyi vijana wawili pale mlangoni mliofuata soda: nawasalimu kwa jina la Sayansi, ambayo leo imenituma mimi.

Mwenyekiti wa mtaa alitaka kunitambulisha. Nimemzuia, kwa kuwa hana msamiati wa kutosha. Mimi ndiye Mtaalamu Mkuu wa Matumbo Madogo, Mwasisi wa Nadharia ya Mwiko Endelevu, na mshauri wa lishe wa nyumba tatu za uchochoro huu, mbili kati ya hizo bila wenyewe kuniomba. Chuo gani? Swali hilo huulizwa na watu wadogo. Chuoni mtu hufundishwa yanayojulikana. Mimi nashughulika na yasiyojulikana, hasa yasiyojulikana kwangu.

Mada ya leo ni mtoto wa miaka mitatu anayekaa mlango wa pili kutoka kwangu. Tumbo lake hujaa gesi, choo ni majimaji siku nyingi, na nyakati nyingine hulia kwa msokoto. Mama yake, mwanamke mwema lakini mwenye kasoro ya kusikiliza wauguzi, alikuwa njiani kumpeleka kituo cha afya. Nikamkuta ngazini. Nikamwambia, "Mama, rudi ndani. Kutafuta ugonjwa ni kazi ya daktari. Kazi ya mtaalamu ni kukataza."

Andikeni sasa msingi wa Nadharia. Kila mtoto anayeumwa tumbo amekula kitu. Kitu hicho ndicho kimemdhuru. Ikiwa hatujui ni kipi, basi ni vyote. Nitanyamaza kidogo mpige makofi.

Ahsanteni, nyote wawili.

Najua wapo wenye husuda wanaotaka historia. Nawapa. Samuel Gee, daktari wa watoto katika hospitali ya Great Ormond Street mjini London, mwaka 1888 alichapisha maelezo ya watoto wanaoharisha bila kukoma, matumbo yamevimba huku miili inakwisha, akasema kama wapo watakaopona, watapona kwa chakula. Mnasikia? Ni maneno yangu, ila yeye aliwahi kidogo. Gee anaeleza habari za mtoto mmoja aliyelishwa kome wa Kiholanzi kila siku, akanawiri ajabu. Msimu wa kome ukaisha, mtoto akarudi alikokuwa. Msimu mwingine ulipofika, akafunga mdomo: kome hawataki tena. Wasomi wanasema kisa hiki kinafundisha kwamba chakula cha tiba asichoweza kukivumilia mtoto si tiba. Mimi nasema kinafundisha kwamba watoto wa London walidekezwa.

Wa pili ni Sidney Haas wa New York. Mwaka 1924 alitoa taarifa ya watoto kumi wenye ugonjwa uleule, leo tunauita siliaki. Wanane aliwalisha ndizi kwa wingi, wakapata nafuu. Wawili ambao hawakupewa ndizi walikufa. Ndizi ikawa malkia wa hospitali. Wahaya, Wachaga na Wanyakyusa mliomo humu, simameni mpokee heshima yenu. Sasa ketini, maana hapa wasomi wanaharibu tena sherehe. Wanasema Haas, pamoja na kuwapa ndizi, aliwakataza watoto wale mkate na nafaka. Kumbe kilichowafaa ni kile kilichoondoka mezani, na sifa zikaenda kwa kile kilichobaki. Kwa kuwa aliamini ndizi imeponya, aliona mtoto akishapona anaweza kurudishiwa mkate, na ugonjwa ule hauponi kwa namna hiyo. Ukirudisha mkate, utumbo unaanza kuumia upya. Kumbukeni kisa hiki. Nitakisahau mimi mwenyewe kabla hatujamaliza.

Wa tatu simpendi. Ni Mholanzi, Willem Karel Dicke, daktari wa watoto mjini The Hague, mtu mwenye subira, yaani mtu asiye na kipaji. Miaka ya 1930 alianza kuwaondolea wagonjwa wachache ngano, akawa anawatazama. Ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, Uholanzi iliyokaliwa na Wajerumani ikakosa mkate, na watoto wake wa siliaki wakaendelea vizuri wakati watu wazima wanakula vitunguu vya maua. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Mtu kama mimi angeita mkutano jioni ileile. Dicke akaendelea kuwapa ngano, kuwanyima, kuwapima uzito, kuandika. Wenzake wakapima hata mafuta yaliyomo katika kinyesi, kazi ambayo mtu wa hadhi yangu asingeigusa. Mwaka 1950 akatoa tasnifu yake huko Utrecht. Baadaye ikaeleweka: katika ngano, shayiri na ile nafaka ya rai ya nchi za baridi mna protini, gluteni, na kwa mwenye siliaki kinga ya mwili ikikutana nayo huushambulia utumbo mwembamba. Vile vinyweleo vinavyofyonza lishe vinasinyaa, chakula kinapita tu, mtoto anakula na anakonda.

Tazameni tofauti ya vipaji. Dicke alihitaji kama miaka kumi na mitano kukataza chakula cha aina moja. Mimi nilikataza aina kumi na tano kabla ya adhuhuri.

Nilianza na ngano, kwa heshima ya marehemu. Nikapiga marufuku chapati, maandazi, kaimati, tambi, sambusa na vitumbua. Bibi mmoja, ndiye huyo hapo mbele anayetafuna karafuu, akanikatiza: "Mwanangu, kitumbua ni mchele." Nikamjibu, "Shikamoo bibi, lakini kinafanana na andazi, na sayansi haiwezi kukagua kila kitu." Biskuti niliziruhusu, kwa sababu biskuti si mkate. Kinywaji cha kimea nilikiruhusu pia kwa kumtia mtoto nguvu. Mama akauliza kama kimea si shayiri iliyooteshwa. Akina mama wa siku hizi wanasoma sana vibandiko vya chupa.

Nikaja kwenye maziwa. Muuguzi alikuwa amemwambia mama kwamba baada ya kuharisha vibaya, utumbo wa mtoto unaweza kupungukiwa kwa muda na kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, kisha hali hiyo hupita. Kwamba wengi huvumilia mtindi vizuri zaidi ya maziwa mabichi. Na kwamba mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Kwa muda! Mimi sijui mwiko wa muda. Mwiko wa muda ni kama ndoa ya majaribio, unawavunjia watu adabu. Nikafuta maziwa moja kwa moja, na kwa kuwa mlango wa tatu kuna familia ya Kimasai, nikawafutia na wao. Wakanitazama kwa huruma. Nasikia mwaka 2007 mwanasayansi Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wengi wa Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa hadi uzeeni. Vinasaba hivyo havikuniomba kibali.

Mayai yakaondoka kwa sababu yana gesi. Maharage yakafuata kwa sababu hiyohiyo. Samaki aliondoka kwa harufu, karanga kwa mafuta, embe kwa nyuzi. Mchicha sikumbuki uliondoka kwa nini, ila nilikuwa tayari nimeshika kalamu.

Hapo muuguzi yuleyule, ambaye simtaji ili asipate umaarufu, akatuma ujumbe. Ati kama tunashuku siliaki, tusimwondolee mtoto ngano kabla ya kipimo. Damu ipimwe angali anaila, na ikibidi daktari atazame utumbo kwa mpira wenye kamera na kuchukua kipande kidogo. Maana ngano ikishaondolewa, viashiria vinashuka, utumbo unaanza kujitengeneza, na kipimo kinaweza kusema hana kumbe anao. Ati mwenye siliaki hukatazwa gluteni maisha yake yote, kwa hiyo lazima pawe na uhakika. Akaongeza kwamba kinyesi kipelekwe maabara, huenda ni minyoo au vijidudu vya maji machafu vyenye dawa ya siku chache. Wazazi wenzangu, mnaona mtego huo? Mtoto akipimwa, ugonjwa utajulikana. Ukijulikana, atakatazwa kile kinachohusika tu. Sasa mimi nitakula nini?

Maana utaalamu nao una gharama. Niliagiza mama akanunue supermaketi unga maalumu usio na gluteni, umetoka Ulaya kwa meli, mfuko mdogo, bei ya kuku wawili. Bibi wa karafuu akaugeuza mfuko, akamwomba mjukuu amsomee nyuma. Mahindi. Wanga wa muhogo. Mchele. "Mbona huu ni ugali umevaa suti?" akauliza. Wasiojua wakacheka. Ni kweli kwamba sembe, wali, muhogo, mtama, ulezi, viazi na ndizi havina gluteni tangu kuumbwa, na mgonjwa halisi wa siliaki katika nchi hii anaweza kushiba bila kugusa meli, mradi mahindi yake yasisagwe kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano. Lakini tiba isiyouma mfukoni haiaminiki. Nani aliwahi kumshukuru mtaalamu kwa sembe?

Tulipofikia hapo, mtoto alibaki na uji mwepesi wa mahindi asubuhi, mchana na jioni. Badala ya maziwa nikampa juisi za paketi, maana paketi ilichorwa chungwa, na chungwa ni tunda. Alizinywa kutwa, na nikaona amefurahi. Mtu wa nyuma anapiga kelele kuhusu Cicely Williams. Ndiyo, namjua: yule daktari aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, ambaye mwaka 1933 aliandika kuhusu watoto walioachishwa ziwa na kulishwa mahindi karibu peke yake, wakavimba miguu, nywele zikabadilika rangi, ngozi ikabanduka. Kwashakoo. Daktari yule alitibu ugonjwa huo kwa kurudisha maziwa na vyakula vya kujenga mwili. Tofauti yangu naye ni ya mwelekeo tu. Yeye alikuwa anatoka huko, mimi ndiyo naelekea.

Mwingine ananikumbusha Shirika la Afya Duniani. Nalo lina makosa yake. Linasema mtoto anayeharisha ghafla apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti, apewe zinki, na aendelee kulishwa, akipata nafuu aongezewe chakula. Aongezewe! Mahali pa mwiko, wanaweka sahani. Kwa mtindo huo taaluma yetu itafungwa kabla ya Krismasi.

Sasa matokeo ya utafiti. Hivi karibuni duka la Mangi liliishiwa juisi za paketi, na mzigo ukachelewa. Katika siku hizo choo cha mtoto kikawa kigumu, tumbo likashuka, akalala usiku kucha. Mama akaanza kuwaza kwa sauti kuhusu sukari ya juisi, kwamba muuguzi alishamuuliza anakunywa paketi ngapi kwa siku. Nikamnyamazisha kwa upole. Nimeangalia kumbukumbu zangu na jibu liko wazi: ule ndio wakati samaki alikuwa ameanza kutoka mwilini. Mzigo wa Mangi ulipofika, mtoto akarudia kuharisha, jambo linalothibitisha kwamba kuna mtu amempa samaki.

Hii ndiyo nguvu ya Nadharia yangu kuliko ya Dicke. Ya Dicke ingeweza kuvunjika: angempa mtoto ngano na mtoto asiugue, kazi yote ingekuwa bure, na aliijaribu hivyo kwa makusudi, mara kwa mara, kama mtu anayetafuta aibu. Yangu haivunjiki. Mtoto akipona, ni mwiko wangu. Asipopona, mwiko ni mdogo, tuongeze. Akizidi, mama amemwibia andazi. Akilia njaa, sumu inatoka.

Naona mkono. Mama mwenyewe, karibu, lakini kwa kifupi, soda zinapata joto. Unasema umekuja na kadi ya kliniki. Unasema mstari wa uzito ulikuwa unapanda tangu azaliwe, na tangu nianze kumshughulikia unashuka. Mama, mizani haina elimu. Lakini kwa kuwa umeleta hadharani, tutaisoma kisayansi. Igeuze kadi juu chini. Umegeuza? Bado unashuka? Geuza vizuri. Bibi anasema ukigeuza juu chini mstari unaoshuka utaendelea kushuka tu. Bibi, tafadhali.

Basi msiisome kwa mkono wa Kizungu. Sisi ni watu wa pwani. Someni kadi hiyo kama Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, mkianzia leo. Mnaona wenyewe? Mtoto anapanda vizuri kabisa, hadi siku ile niliyokutana na mama yake ngazini. Baada ya hapo anaanza kushuka, na huko ndiko alikokuwa bado hajapata bahati ya kunifahamu.