Twiga wa Bluu na Ukuta wa Mwenye Nyumba

Mama watoto akisema "tufanye kitu kidogo tu," mimi huanza kupiga hesabu ya viti vya kukodi. Safari hii kitu kidogo kilikuwa mashindano ya kupaka rangi picha kwa watoto wa mtaa, uani kwetu, tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Mjumbe alipopewa taarifa alitoa baraka zake, akaongezea na wajukuu zake wote.

Kuchora twiga wa mashindano alipewa shemeji yangu, anayejiita msanii. Akaleta mnyama mwenye shingo ndefu na nundu mgongoni.

"Kaka, huyu ni ngamia."

"Ni twiga ameinama," akajibu bila kupepesa macho.

Muda ulikuwa umetutupa mkono. Tukamtoa kopi hivyo hivyo.

Kreyoni zilitoka Kariakoo kwa bei ya jumla. Binti yetu mkubwa akaziweka juu ya tangi jeusi la maji ili mdogo wake asizifikie. Sasa kreyoni ni nta, na jua la Dar es Salaam halina huruma na nta. Tulipozishusha, nyekundu ilikuwa imeganda na njano, zambarau imelala kifudifudi juu ya kahawia, ikabidi tuzibandue kwa kisu cha mkate. Mdogo mwenyewe alikuwa keshajipatia ya kijani mapema. Kesho yake nepi ilitoa ushahidi.

Watoto wakaja, wakakaa mkekani, wakatulia. Tabu ikaja na wazazi. Mama mmoja alipiga magoti pembeni ya mwanawe, "namwonyesha tu," na alipoinuka twiga alikuwa amekamilika hadi kwato, mtoto anaangalia kunguru. Baba mwingine, fundi wa kupiga rangi magari, akachomoa brashi yake mfukoni. Mama watoto akamwomba airudishe. Akanuna.

Zamu ya jaji ikafika: mwalimu mstaafu, mwenye miwani na kalamu nyekundu. Msichana mmoja wa mtaani alikuwa amempaka twiga wake bluu tupu, madoa ya waridi. Mwalimu akakata maksi papo hapo. "Hakuna twiga wa bluu."

Mama watoto akasimama. "Mwalimu, shikamoo, lakini Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru akaja kuchorea Oysterbay, miaka ya mwisho ya 1960, kwa rangi za kupakia baiskeli. Wanyama wake walivaa rangi aliyotaka yeye. Amefariki tangu 1972, na mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Huyu mtoto kosa lake nini?"

Mwalimu akasema sayansi ni sayansi. Fundi magari akaunga mkono, kwa hasira za brashi. Wajukuu wa mjumbe wakapata mawakili. Kelele zikafika barabarani.

Watoto, wakiona wakubwa wana shughuli zao, walihamia ukutani. Ukuta wa mwenye nyumba, uliopigwa rangi mpya ya maziwa. Tulipogeuka, msafara wa twiga ulikuwa unatoka bombani hadi mlango wa jiko, mmoja ana kope ndefu na ulimi nje, mzuri kuliko wote waliokuwa kwenye karatasi. Wala hakuwa na nundu.

Tulisugua kwa sabuni, maji yakateleza juu ya nta. Tukasugua kwa dawa ya meno, twiga wakafifia na rangi ya ukuta ikafuatana nao. Mwenye nyumba alipofika hakupaza sauti. Alitaja aina ya rangi na duka la kuinunua.

Zawadi tuligawa sawa: kila mtoto daftari na kikombe cha juisi ya ukwaju. Hakuna mtoto aliyeuliza nani wa kwanza. Wazazi ndio waliouliza.

Ukiandaa ya kwako, nunua penseli za rangi, wazazi waache barazani na kahawa yao, na jaji usimtafute kabisa. Na kwenye bajeti tenga ndoo moja ya rangi ya ukuta. Kwetu ilizidi gharama ya zawadi zote.