Kinanda, Chumvi na Albamu ya Kwanza

Albamu ya kwanza ya bendi ya kinanda, kama zinavyotengenezwa katika Mji wa Kale wa Mombasa na mitaa inayopakana nao, ni mkusanyiko wa saa moja hivi wenye nyimbo tatu nzuri. Hizo tatu huwekwa mwanzoni. Zinazofuata zimo kwa sababu studio ilishalipwa.

Bendi ya namna hii huwa na mpiga kinanda, gita la besi, bongo au dumbaki, mwimbaji mmoja au wawili, na pengine gita la solo lililotoroka bendi ya hoteli. Muziki wake ni taarabu iliyochanganywa na chakacha, rumba, bango la kina Mzee Ngala, na roki kila mpiga solo anapoachiwa nafasi. Kiongozi ni mpiga kinanda, naye huongoza kwa nguvu ya risiti: kinanda ni chake, spika ni zake. Yeye ndiye achaguaye nyimbo, ndiye agawaye malipo, na ndiye pekee asiyeweza kufukuzwa hata akipoteza mdundo mbele ya bibi harusi.

Ubora wa zile nyimbo tatu hutoka harusini. Usiku wa kupamba, ukumbi umejaa wanawake na bibi harusi yuko jukwaani, mwisho wa wimbo haumo mikononi mwa mtunzi, umo mikononi mwa watuzaji. Maadamu shangazi anakuja mbele akicheza na noti mkononi, kibwagizo hurudiwa, na wimbo wa beti nne unaweza kwenda dakika ishirini. Hapo ndipo wanabendi hujua ubeti upi unainua watu vitini na upi unawakumbusha sambusa. Ubeti wa sambusa huondolewa. Msimu wa harusi ukiisha, wimbo huwa umenyooka. Ule uliotungwa juzi ili kujaza kanda haujawahi kuonana na shangazi yeyote.

Enzi za santuri za kasi ya 45, kama zile za lebo ya Mzuri zilizotolewa na duka la Assanand, udhaifu huu haukuwa na pa kukaa. Upande mmoja ulichukua dakika tatu au nne tu, na wimbo mrefu ulikatwa sehemu mbili, msikilizaji akageuza sahani kumfuata mwimbaji. Kaseti ilipoingia na nusu saa kila upande, nyimbo dhaifu zikapata makazi. Si kwamba saa nzima ya muziki wa harusi haiwezekani: mwaka 1990 lebo ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu ya Maulidi Juma na kundi lake iitwayo Mombasa Wedding Special, nayo inasikilizika mwanzo hadi mwisho. Lakini Maulidi hakuwa mgeni. Alikuwa na miaka mingi ya mashangazi nyuma yake.

Chanzo cha pili cha udhaifu huo ni kinanda chenyewe. Zamani watengenezaji wa piano wa Uingereza na Ujerumani waliuza piano maalumu kwa nchi za joto, zilizokazwa kwa skrubu pale ambapo gundi ingeachia. Kinanda cha umeme hakina bahati hiyo. Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na maji ya chumvi, na hewa yake huingia kila chombo chenye tundu. Chini ya kila kitufe mna vigusio viwili vya mpira vyenye kaboni. Kinanda hupima muda unaopita kati ya kigusio cha kwanza na cha pili, na kwa muda huo hujua kama kidole kimeshuka taratibu au kwa hasira. Uchafu na unyevu vikiingia, hesabu huharibika. Kitufe ama hunyamaza kabisa, ama hupiga ukelele hata kikiguswa kwa upole.

Fundi hufungua skrubu, akapangusa kwa pamba na spiriti, akawatoa sisimizi waliokwishaanzisha makazi, na kitufe hupona hadi mvua za masika. Mpiga kinanda asiye na pesa za fundi hutumia tiba ya pili, ambayo ni kutunga nyimbo zisizopita hapo. Zipo albamu ambazo wasikilizaji husifu mtindo wa bendi wa kuruka noti fulani, mtindo wenyewe ukiwa ni sol moja iliyooza. Kinanda kikimaliza kazi hufunikwa leso kuukuu, na leso hiyo huzuia vumbi, aibu ya umaskini na jicho baya, ila chumvi hupita.

Kisha kuna ugomvi wa sauti. Maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, kama rasti na bayati, zina noti zinazokaa katikati, baina ya kitufe na kitufe. Udi hauna vigawanyo shingoni, kwa hiyo mpigaji kama Zein l'Abdin alizifikia kwa kusogeza kidole tu. Kinanda cha kawaida kina hatua 12 zilizogawanywa sawasawa na hakisogei. Mwimbaji hushuka hadi noti yake ilipo, kinanda kikabaki juu kikimngoja, na wote wawili huwa na hakika kwamba mwenzake amekosea. Viko vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Waarabu, vyenye swichi za kushusha noti hizo. Shida ya swichi ni kukumbuka kuizima. Wimbo wa tatu, wa taarabu, hutoka mtamu. Wa nne, rumba, huanza swichi ikiwa bado imewashwa, na bendi nzima husikika kana kwamba imekula maembe mabichi. Swichi ya kupandisha ufunguo hufanya madhara ya aina hiyohiyo. Mbaya zaidi ni ile ya nyimbo za maonyesho, ambayo ikiguswa na kiwiko humwaga muziki wa kiwandani, na ngoma zake, katikati ya kilio cha mapenzi.

Studio kwa kawaida ni chumba cha ghorofani. Kuta za nyumba kongwe, za mawe ya matumbawe na chokaa, huzuia kelele vizuri kuliko sponji yoyote. Madirisha ya mbao hayazuii kitu. Yakifunguliwa huingia tuktuk, mkokoteni wa maji na kunguru. Yakifungwa huingia joto, na feni haiwezi kuwashwa kwa sababu maikrofoni huisikia. Adhana ikianza kazi husimama, kama inavyopasa, na kwa kuwa misikiti ni mingi na saa zake hazilingani kwa sekunde, kusimama huko huwa kurefu kuliko adhana moja. Kisha stima hupotea. Kompyuta huzima na ubeti wa pili ambao haukuwa umehifadhiwa. Ndiyo maana katika nyimbo nyingi za aina hii ubeti wa kwanza huimbwa na kijana mwenye sauti laini, na wa pili na mtu anayeonekana kuwa babake. Ni mwimbaji huyohuyo. Wa kwanza uliimbwa baada ya alasiri, wa pili baada ya isha, na baina yake alikuwa akibishana na fundi mitambo.

Saa mbovu za kurekodi si balaa la Mombasa peke yake. Mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1946, Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury na ambaye alipiga piano, alirekodi na wenzake albamu ya kwanza ya bendi yao, Queen, katika studio ya Trident, London, kwa saa zilizobaki wateja wenye pesa walipoondoka, nyingi zikiwa za usiku. Ilitoka Julai 1973, nayo haikulingana kila mahali. Inafungwa na kipande kifupi kisicho na maneno cha wimbo uitwao Seven Seas of Rhye, uliokuwa haujakamilika. Mwaka uliofuata, katika albamu ya pili, ulikuja mzima na kuwa wimbo wao wa kwanza kupata umaarufu Uingereza. Mji wa Kale nao hufunga albamu kwa nyimbo zisizokamilika, ila huzitia maneno, na hapo ndipo hasara huanzia.

Albamu ikishakwisha hupigiwa picha mbele ya Fort Jesus, kisha huingia mitaani kwa flashi za madereva wa tuktuk. Kiongozi huwa amekesha akipanga nyimbo ili zile tatu ziwe mbele. Redio ya tuktuk hupanga kwa alfabeti.

Kwa mpango huo, wimbo wa kujazia ndio huenda ukajulikana kwanza. Katika albamu ya bendi moja ya mtaa wa Kibokoni, muuza kahawa alipita chini ya dirisha akigonganisha vikombe, na milio yake ikabaki ndani ya wimbo wa saba, nyuma kidogo ya mdundo. Mama za maharusi walioupenda wimbo huo waliutaka ukumbini kama ulivyo, vikombe na yote. Tangu hapo mpiga bongo hubeba vikombe viwili vya kahawa ndani ya mfuko wa ngoma, na kimoja kikivunjika, bei yake huongezwa kwa harusi inayofuata.