Sifa za Kiuno Kinachouma

Wageni wa Diani husifu mchanga mweupe. Mimi nasifu kiuno changu, kilichokwama siku nilipoinua chuma chenye mikebe miwili ya simiti.

Kwanza, kimenipa uzee bila kuungoja. Nina miaka 31. Nikipita Ukunda, mkono kiunoni na mwingine ukutani, watoto wa madrasa hunipa shikamoo, nami huitikia marahaba kwa sauti nzito nisije nikawanyima radhi. Matatuni naachiwa kiti cha mbele. Arusini naketishwa na wenye kofia zao, na sinia ya pilau huanzia kwetu. Juzi niliitwa kwenye ugomvi wa mnazi ulioota mpakani. Nilipojaribu kuketi nikaguna kwa uchungu. Wakalipokea guno lile kuwa hukumu, na hadi leo hakuna aliyekata rufaa.

Tena kinajua kila tuta kutoka hapa hadi Likoni. Chafya nayo huitangaza kabla haijatoka.

Shukrani zimfikie mwalimu wetu wa vyuma, mwenye kifua kama ngalawa iliyopinduliwa. Cheti chake ni kifua hicho. Masomo aliyapata kwenye simu. Nilimuuliza niiname vipi. "Ongeza!" Kiuno kikalia "kwa!" "Hiyo ni nguvu inaingia." Nguvu gani, wewe? Nimelipa ada ya mwezi mzima, na hukuweza kuniambia nisogeze chuma karibu na miguu, nirudishe makalio nyuma, nipandishe uzito kidogo kidogo? Badala yake ukaniuzia mshipi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, halishauri mishipi kuwa tiba ya kawaida. Pia kuna mwingine, mwenye koti jeupe, aliyeniamuru nilale chali wiki mbili, wakati kiuno kilichokwama hivi kwa kawaida hupona upesi zaidi kwa kutembeatembea.

Mwishowe nilikandwa na bibi mmoja wa Kinango. Huyo amejitwika maji tangu utotoni, mtungi wa lita 20, sawa na kilo za chuma cha mashindano ya wanaume kabla hakijatiwa kitu.

"Mwanangu, ulibeba nini?"

"Simiti, bibi."

"Ya kujengea?"

"La. Naiinua, naiweka palepale."

"Wakulipa ngapi?"

"Nalipa mimi."