Mafundi wa Mvuke

Mnaowasema vijana wa sigara za umeme pale Raskazone, Tanga, nyamazeni. Wale ni mafundi. Mwenzenu anazungusha waya wa Kanthal kwenye bisibisi, mizunguko sita, si mitano. Anapima ukinzani hadi ipatikane omu 0.5, anauwasha waya ung'ae mwekundu, kisha anapenyeza utambi wa pamba kwa upole ambao mkunga angeuonea wivu. Kanuni ya Ohm, aliyoikimbia kidato cha tatu, sasa anaikariri bila kuombwa. (Wala msiseme moshi. Ni mvuke. Mtasomeshwa mpaka Magharibi.)

Pamba sharti itoke Japani. Ile ya Simiyu ni ya kufungia vidonda.

Baada ya kazi yote hiyo anadondosha matone manne ya maji yenye ladha ya chungwa, anavuta mara mbili tatu, anadondosha tena. Wapo washamba wanaouliza kwa nini asile chungwa. Machungwa ya Muheza tunayajua, matamu kweli, lakini hayana betri. Dakta Hindorf alituletea mkonge mwaka 1893, na kwa zaidi ya karne nzima Tanga ikaishia kusokota kamba za kufungia meli na mizigo. Kumbe uzi ulitakiwa uingizwe kwenye kopo, udondoshewe maji, uvutwe!

Mama yake ana jiko la mafuta ya taa ambalo tambi zake zimeungua tangu Ramadhani. Anapikia kuni, na anaelewa: jiko lina tambi kumi, na mwanawe ni bingwa wa utambi mmoja.